Kitanzi kinachorudia neno moja: abiria 20 kwenye gari la watu 14

Swali: Mwalimu, nimepewa zoezi la Python la kukokotoa mapato ya matatu ya abiria 14, ya kutoka Mtwapa hadi Posta. Nikiingiza 20, skrini inajaa "Idadi si sahihi" bila kukoma mpaka nifunge dirisha. Nikiandika "kumi", programu yote inakufa na kuleta ValueError. Nimekosea wapi? (Msomaji, Kisauni)

```
idadi = int(input("Abiria wangapi? "))
while idadi < 1 or idadi > 14:
    print("Idadi si sahihi")
```

Jibu: Sharti lako, lile la mstari wa `while`, halina tatizo. Tatizo ni swali lenyewe, umeliacha nje ya kitanzi, yaani nje ya mistari ambayo `while` huirudia. `idadi` ilipewa 20 mara moja, na ndani ya kitanzi hakuna mstari unaoibadilisha, kwa hivyo kila ikirudi juu inakuta 20 ile ile. Ni makanga anayepiga kelele "nauli haijatimia!" huku mkono kauficha mfukoni. (Siku nyingine usifunge dirisha, bonyeza Ctrl na C, programu itasimama.)

Wengi hapa hunakili mstari wa `input` wakaubandika chini ya `print`. Inafanya kazi, lakini sasa swali liko pahali pawili, na ukirekebisha maneno huku, kule utasahau. Uliza pahali pamoja tu:

```
while True:
    jibu = input("Abiria wangapi (1-14)? ")
    try:
        idadi = int(jibu)
    except ValueError:
        print("Andika tarakimu, kwa mfano 9.")
        continue
    if 1 <= idadi <= 14:
        break
    print("Gari hubeba abiria 1 hadi 14.")
```

Kitanzi hiki hakina mwisho mpaka kifike `break`, na hakifiki `break` ila jibu liwe namba na namba iwe ndani ya mipaka. `input` hurudisha maandishi siku zote, hata ukiandika 9. `int` ndiyo inayoyageuza kuwa namba, na ikishindwa hutoa ValueError, ile iliyoua programu yako kwa "kumi". `try` huujaribu mstari huo, na ukitoa ValueError, `except` hulidaka kosa badala ya programu kufa. `continue` inarudi juu kuuliza upya. Angalia pia kwamba kila kosa lina ujumbe wake. "Idadi si sahihi" haimwambii mtu afanye nini.

Ndani ya `try` weka mstari wa `int` peke yake, na utaje `ValueError` kwa jina. Ukiandika `except:` tupu kisha ukaingiza na `input` mle ndani, hata Ctrl na C itamezwa, na utaulizwa abiria wangapi mpaka uchoke.

Kuhusu `or`, usije ukashawishika kuigeuza `and`. Hakuna namba iliyo chini ya 1 na papo hapo juu ya 14, kwa hivyo sharti halitatimia kamwe na 20 itapita kimya kimya. Ndiyo maana napenda kuandika kile ninachokubali, `1 <= idadi <= 14`, badala ya kile ninachokataa. Kwenye nauli faida yake ni kubwa zaidi. Ukitumia `float`, inayogeuza maandishi kuwa namba ya desimali, mtu akiandika "nan" (kifupi cha "not a number", si namba) Python huipokea kama namba, na kulinganisha nan na namba yoyote kwa `<` au `>` jibu ni uongo. Sharti la kukataa, `nauli < 0 or nauli > 500`, litaiachia ipite; `0 <= nauli <= 500` litaizuia.

`isdigit`, inayokagua kama maandishi yote ni tarakimu, nayo utaiona ikitumika badala ya `try`. Iache: inakataa "-3" kabla hujapata nafasi ya kueleza mipaka, na inakubali "²", ambayo `int` haiwezi kuigeuza.

Kabla ya kukabidhi zoezi, ijaribu kwa 0, 1, 14 na 15, kwa kuwa makosa ya `<` na `<=` hujificha mipakani. Kisha -3, "kumi", 9.5, na Enter bila kuandika kitu. Zote nne zinafaa kukataliwa. " 9 " yenye nafasi pembeni itapita, na hilo si kosa, `int` hupuuza nafasi hizo. Itakayokushangaza ni "1_4": Python huisoma 14.