Maumivu makali wakati wa haja kubwa: je, ni bawasiri?

Swali: Nina miaka 24. Wiki ya tatu sasa, nikienda haja kubwa nahisi kama nakatwa na wembe, kisha panawaka kwa saa nzima. Kwenye karatasi naona damu nyekundu kidogo. Sina uvimbe wala homa. Nimepaka dawa ya bawasiri bila nafuu. Shida ni nini, daktari?

Jibu: Pole sana. Dalili zako zinaelekea zaidi kwenye mpasuko wa ngozi ya mkundu. Bawasiri ya ndani kwa kawaida hutoa damu bila kuuma. Inayouma ghafla ni ya nje iliyoganda damu, nayo huonekana kama kinundu cha zambarau.

Mpasuko hukawia kupona kwa sababu ya msuli. Choo kigumu kinachana ngozi, maumivu yanaukaza msuli wa ndani unaofunga mkundu, na msuli uliokaza unakinyima kidonda damu. Ukianza kuogopa choo na kukibana, kinakauka na kuchana palepale. Kwa hiyo lainisha choo, legeza msuli.

Kula nyuzinyuzi gramu 25 hadi 30 kwa siku kutoka kwenye kunde, matunda, mboga na nafaka isiyokobolewa. Ongeza polepole, la sivyo tumbo litajaa gesi, na kunywa maji ya kutosha. Choo kikibaki kigumu, laktulosi, dawa ya maji ya kulainisha choo, mililita 15 mara mbili kwa siku husaidia. Huchukua hadi siku mbili kufanya kazi, basi usiiache kesho yake.

Baada ya kila haja, kalia beseni la maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15. Maji matupu: sabuni na dawa za kuua vijidudu huchoma kidonda. Kausha kwa kugusagusa, usisugue. Epuka dawa za maumivu zenye kodeini, maana hufunga choo. Hiyo dawa ya bawasiri, ikiwa ina steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho), isizidi siku saba, hukondesha ngozi.

Mipasuko mipya mingi hupona ndani ya wiki sita. Usipopona, daktari huandika malhamu ya kulegeza msuli, diltiazemu 2% au gliserili trinitreti, mara mbili kwa siku kwa wiki sita hadi nane. Gliserili huumiza kichwa, na ni hatari kwa anayetumia sildenafili, dawa ya nguvu za kiume.

Maumivu ya kudundadunda usiku na mchana, yenye uvimbe au homa, ni ya jipu. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Lazima lipasuliwe, antibiotiki peke yake haitoshi. Ukitokwa na usaha au ute, au ukiona malengelenge, pima magonjwa ya zinaa na umweleze daktari waziwazi kama unafanya ngono kwa njia ya haja kubwa. Hayupo hapo kukuhukumu, na vipimo anavyochagua vinategemea jibu lako. Kuharisha kusikoisha, kupungua uzito, damu nyingi au choo cheusi navyo vinahitaji uchunguzi mapema.