Muwasho Unaozidi Usiku

Swali: Daktari, mwanangu wa miaka 6 hujikuna usiku kucha, na sasa nami nawashwa. Ni nini?

Jibu: Pole sana, mama. Huenda ni upele, unaoletwa na utitiri, vidudu vinavyojichimbia ngozini. Tazama katikati ya vidole na kwenye vifundo vya mikono, utaona vijistari vyembamba vilivyopindapinda. Mhudumu wa afya akithibitisha, krimu ya permethrini ya asilimia 5 hupakwa kuanzia shingoni hadi nyayoni, huachwa kwa saa 8 hadi 14 ndipo ioshwe, na kwa kawaida hurudiwa baada ya wiki 1. Nawasihi mjipake nyote siku hiyo hiyo, hata asiyewashwa, kwa kuwa dalili huweza kuchelewa wiki 4 hadi 6. Mashuka yafuliwe kwa maji ya moto.