Re: Ajira na malezi ya kambo, inawezekana?

Dada, umeuliza kama unaweza kupokea mtoto wa malezi ya kambo (yaani kumlea kwako kwa muda mtoto asiye wako, kupitia ustawi wa jamii) huku unaingia kazini saa mbili na kutoka saa kumi na moja, na shemeji yuko Dodoma. Unaweza. Mimi ni keshia hapa Mwanza, na huu mwaka wa tatu nina mtoto wa malezi ya kambo.

Afisa ustawi wa jamii atakuja nyumbani, na swali atakalokubana nalo ni hili: saa za kazi mtoto yuko na nani? Usijibu tu "kuna dada wa kazi". Awepo, wazungumze. Kwetu afisa alirudi mara mbili kwa hilo hilo.

Kazini usijidanganye: zile siku 84 za uzazi ni za aliyejifungua. Kilichopo ni likizo ya mwaka, siku 28, kwa hiyo zitunze. Mimi nilizimaliza karibu zote mwanzoni na sijuti. Wetu alikuja na miaka sita, anaficha vipande vya chapati chini ya mto. Akiniona tu nimeshika viatu vya kazi, anakwenda kukaa mlangoni, kimya. Huyo ungemwachia msichana wa kazi siku ya tatu?

Posho usiitegemee; sare, daftari na dawa vitatoka kwenye mshahara wako. (Na ndugu wakisikia "kambo" wataanza hadithi za mama wa kambo. Wazoee.)

Bosi mwambie kabla mtoto hajafika. Mimi nilichelewa kusema, na shule iliponipigia mara ya kwanza nilikuwa na foleni ya wateja hadi mlangoni.