Barua kwa Mwanangu: Kabla Hamjatawanyika

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo shuleni. Sisi huku hatujambo, na kaka yako naye mzima. Barua yako nimeipata. Umeuliza, kwa vile shule inaisha mwisho wa mwezi na sanduku lako limejaa pomoni, utupe nini na ubaki na nini: madaftari, picha, shati la shule la kusainiwa na wenzako, vyeti, na zile barua za rafiki yako. Nitakujibu, ila sanduku linaweza kusubiri. Utalipanga hata mwakani ukiwa nyumbani. Wasiosubiri ni watu. Leo mmekaa wote darasa moja. Siku ya mtihani wa mwisho kila mtu atashika njia yake, na wengine wataondoka kabla yenu kwa kuwa masomo yao yataisha mapema. Basi anza na majina.

Unajua ninavyosema siku zote: sura hukaa, majina huenda. Mwaka 1975 huko Marekani, Harry Bahrick na wenzake walichapisha utafiti wa watu 392 waliosoma sekondari, baadhi wametoka shuleni karibuni na baadhi wametoka miongo mingi nyuma. Walipoonyeshwa picha, walizitambua sura za waliosoma nao kwa kiasi cha asilimia 90, hata ilipokuwa imepita miaka 35. Walipoambiwa wawataje wenzao kwa kichwa, bila kuonyeshwa chochote, majina yalikuja machache, na kadiri miaka ilivyozidi ndivyo yalivyozidi kupungua. Kwa hiyo usihangaike na hofu ya kuwasahau wenzako. Utawajua ukikutana nao njiani. Utakachokosa ni namna ya kuwaita.

Ndiyo maana ile picha ya babu yako ya darasa la mwisho ina thamani kuliko zote tulizo nazo. Picha yenyewe si nzuri, kona imeliwa na mstari wa mbele nusu yao wamefumba macho. Lakini nyuma mwenzake mmoja aliandika majina yote kwa penseli: waliosimama nyuma, waliosimama katikati, walioketi, kila mstari kutoka kushoto, halafu chini kabisa "hawapo", na majina ya waliokosa siku ile. Umemwona babu mwenyewe akiigeuza ile picha, anasoma jina, anaigeuza tena kumtafuta mwenye jina, na hapo hapo stori inaanza. Bila ile penseli angekuwa anatazama vijana wasiojulikana waliovaa mashati meupe.

Fanyeni kama yule alivyofanya. Andika jina kamili, si lile la utani peke yake. La utani liweke pembeni, kwa sababu baada ya miaka utakumbuka "Profesa" na usiwe na njia ya kumtafuta. "Kushoto" iwe kushoto kwa anayeitazama picha. Usiandike kwa peni ya kawaida ukikandamiza, maana mgandamizo unatokea mbele, na wino usiokauka unahamia kwenye picha ya chini yake. Penseli laini ndiyo nzuri kwa karatasi za zamani. Picha za siku hizi nyingi zina mgongo wa plastiki unaokataa penseli, hizo andikia karatasi ya pembeni na uiweke pamoja nazo. Kisha tengeneza orodha, kila mtu aandike jina lake kwa mkono wake na namba mbili za simu: yake, na ya mtu mzima wa kwao asiyebadilisha laini ovyo. Namba za vijana hazidumu.

Na kama shule imewapa anwani ya barua pepe, hamisha picha na kazi zako zote sasa. Shule nyingi hufunga akaunti hizo mwanafunzi akishaondoka, na vilivyomo vinakwenda nazo. Mkitumiana picha kwa WhatsApp, tumeni kama faili. Ikitumwa kama picha ya kawaida inabanwa, na tarehe ya kupigwa inapotea. Kisha weka nakala tatu: kwenye simu, kwenye diski au flashi, na ya tatu mahali pengine kabisa, si nyumba ile ile.

Sasa shati. Hapa ndipo naanza kuwa mkali, na sababu unaijua.

Shati la kaka yako lilikuja limejaa mbele na nyuma, hadi ndani ya mikono. Chini ya kola mwalimu wake wa fizikia alikuwa amemwandikia mistari miwili kwa kalamu ya wino, na yule mwalimu hakuwa mtu wa kutoa maneno bure. Mama yenu mdogo akalikuta kwenye tenga la nguo chafu, linanuka jasho, akadhani anasaidia. Akaliloweka usiku kucha kwa sabuni na dawa ya kuondoa madoa. Asubuhi maji yalikuwa ya zambarau. Maandishi ya kalamu ya wino yalikuwa yameondoka yote, maana wino ule huyeyuka kwa maji. Ya peni ya kawaida yalibaki kama vivuli. Yaliyosomeka ni yale ya makapeni tu, nayo yalikuwa yamepauka. Kaka yako hakusema neno. Alilianika kivulini, likakauka, akalikunja. Hakuna aliyekuwa amelipiga picha. Mama mdogo simlaumu, shati chafu hufuliwa, nani angemwambia? Lakini kila nikiikumbuka ile mistari miwili chini ya kola moyo unanichoma, kwa sababu dakika moja ya simu ingetosha.

Kwa hiyo: lifue shati kabla ya kusainiwa, wala si baada. Suuza mpaka sabuni itoke yote, usitie wanga, kwa kuwa wanga huvuta wadudu wanaokula nguo, na jasho lililobaki kwenye kitambaa huwa manjano baada ya muda. Likikauka, ingiza kadibodi ndani, ya upana wa kifua, ili kitambaa kikazike na wino usipenye hadi mgongoni. Toa kalamu wewe mwenyewe, zile za kuandikia kwenye nguo ukizipata, au makapeni yenye wino usiotoka kwa maji. Usimwachie kila mtu aje na yake. Likishasainiwa usilivae kutwa nzima juani. Usilipulizie manukato, wala usishike maandishi kwa mikono yenye kitakasa mikono: spiriti iliyomo huyeyusha wino wa makapeni na wa peni vilevile, na herufi zinatanuka kuwa doa. Siku hiyo hiyo lipige picha mbele, nyuma, kila mkono na ndani ya kola, kwenye mwanga wa mchana lakini kivulini, simu ikiwa sambamba na kitambaa. Kisha likunje ndani ya foronya safi ya pamba. Mfuko wa plastiki unafungia unyevu, na ukutani karibu na dirisha jua litayala maandishi pole pole. Kila mwaka lifungue ulikunje kwa mikunjo mingine.

Nilitaka hata kukuambia uache shati kabisa, muandikiane kwenye daftari. Karatasi haifuliwi. Nimelifikiria hilo sana, na bado naona lina busara. Lakini hapana. Kwenye daftari kila mtu hupewa ukurasa wake. Kwenye shati mtu huchagua mahali. Rafiki wa karibu huandika kifuani, mchekeshaji huandika mgongoni usikoona, na yule mkimya ambaye hamkuongea mwaka mzima huandika kwenye pindo, kwa herufi ndogo, ukaja kumgundua usiku. Hilo daftari haliwezi. Basi chukua vyote viwili, na kwenye shati mwambie kila mtu aweke jina lake chini ya maneno. "Tutaonana" isiyo na jina itakusumbua, kwa sababu, nasema tena, sura hukaa lakini majina huenda.

Picha nazo zitakuja zenyewe za mahafali na za kukumbatiana. Piga zile ambazo hakuna anayezipiga: dawati lako na michoro yake, ratiba iliyobandikwa mlangoni, korido ikiwa tupu, foleni ya bombani. Rekodi dakika moja ya kelele za mapumziko na kengele ikigongwa. Omba ruhusa kwanza.

Vingine ni vyepesi. Vyeti visipigwe plastiki ya moto, maana haitoki tena na kuna ofisi zinazovikataa. Viweke kwenye bahasha kubwa, vikiwa vimenyooka, pamoja na nakala. Madaftari, bakiza yenye maandishi ya walimu pembeni, mengine wape wanaokuja nyuma yenu. Albamu zile zenye kurasa za gundi ziepuke, gundi yake huwa manjano na picha haibanduki; tumia zile zenye vipembe vya karatasi vinavyoshika kona za picha. Iliyokwisha kunasa ibandue kwa kupitisha uzi wa kusafishia meno nyuma yake, taratibu, kutoka kona moja.

Zimebaki barua za yule rafiki yako mliyeacha kusemeshana. Umeuliza uzichome au la, na umeuliza mara mbili katika barua moja. Rai yangu ninayo, na ulimi unaniwasha. Niliwaona ninyi wawili mkikua, najua nani alianza. Lakini barua ni zako, na ugomvi ni wenu. Nitasema moja tu, kwamba uamuzi wa kuchoma haurudi nyuma, na wa kutunza unaweza kubadilishwa siku yoyote. Hata hilo naona nimeshasema zaidi ya nilivyokusudia. Ukizitunza, toa pini za stepla kwa sababu zinashika kutu, na toa rababendi kwa sababu inayeyuka na kugandia karatasi. Zinyooshe, ziweke na bahasha zake zenye tarehe.

Jina lake liandike kwenye orodha pamoja na wengine, hata kama namba yake huna. Halafu uniambie vitu vimekuwa kiasi gani, nijue nikutafutie boksi la ukubwa upi.

Mama yako.