Virusi na kansa ya matiti: jibu langu kwa dada anayenyonyesha

Juzi dada mmoja aliniandikia. Mama yake aliugua kansa ya matiti, naye amesoma mahali kwamba ugonjwa huo huletwa na virusi. Anauliza kama amwachishe mwanawe ziwa. Nilimjibu usiku uleule: mnyonyeshe.

Swali lake lilinigusa panapouma. Nilipokuwa kwenye tibakemikali (dawa kali za kuua seli za kansa) kwa ugonjwa huohuo, ndugu zangu wa karibu walinitengea kikombe na sahani. Hakuna aliyesema neno, vyombo vilihamishwa tu. Nywele zilikatika, zikaota tena, nikapona. Kile kikombe sijakisahau. Nikaamua kusoma, na leo nasema kwa fahari kwamba naujua ugonjwa huu kuliko wote walioniogopa.

Habari ya virusi haikuzuka hivihivi. Mwaka 1936 mtafiti wa Marekani, John Bittner, alionyesha kuwa panya wa maabara hupata kansa ya matiti kupitia maziwa ya mama zao, na baadaye ikajulikana kwamba kwenye maziwa yale mna kirusi. Hicho hupachika jeni zake katikati ya jeni za seli, na kikitua jirani na jeni inayoamuru ukuaji, seli huanza kugawanyika ovyo. Watafiti wakajiuliza kama binadamu naye anacho cha namna hiyo. Mwaka 1995 kundi la Beatriz Pogo, New York, liliripoti vipande vya jeni vinavyofanana na vya kirusi cha panya kwenye uvimbe wa baadhi ya wanawake. Wengine walitafuta wakatoka patupu. Virusi vingine, kama HPV, Epstein-Barr na kile cha lukemia (kansa ya damu) ya ng'ombe, navyo vimeshukiwa.

Hakuna hata kimoja kilichothibitishwa. Kukuta alama za kirusi kwenye uvimbe hakuonyeshi kwamba ndicho kilichouanzisha. Pengine kiliingia baadaye, pengine sampuli ilichafuka maabara. Kwenye mlango wa kizazi HPV imethibitishwa kuwa huleta kansa, ndiyo maana kuna chanjo. Kwenye titi bado.

Kwa hiyo, wapendwa, kuleni na wagonjwa wenu. Wakumbatieni. Kansa ya matiti haiambukizwi kwa kikombe, wala kwa jasho, wala kwa kulala kitanda kimoja. Asiwauzie mtu dawa ya kuua virusi vya kansa ya matiti. Na acheni kumuuliza mgonjwa alifanya nini: Shirika la Afya Duniani linasema karibu nusu ya wanaougua hawana kihatarishi chochote mahususi zaidi ya kuwa wanawake na umri wao. Ukiona uvimbe, ngozi iliyobonyea, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu, nenda ukapimwe wiki hiyohiyo. Usingoje iume, mara nyingi haiumi.

Nawe dada, nyonyesha. Kunyonyesha kunapunguza hatari yako mwenyewe. Ila mweleze daktari mama aligunduliwa akiwa na umri gani, na kama kuna shangazi au mama mdogo aliyeugua, maana hayo ndiyo yatakayomsaidia kuamua uanze kupimwa lini.