Barua zenu: vipande vya kitenge, maharagi na chukudu ya mutoto

Jambo sana kwa bote. Safari hii barua nyingi zinauliza namna ya kutengenezea batoto vitu vya kucheza na vile tuko navyo mu nyumba, na mimi inanifurahisha kabisa juu mutoto hajui bei ya kitu, anajua tu kama kinalia, kinatembea, kinashikika. Tuanze.

*Jambo mama. Mimi ni fundi wa kushona, niko na vipande vya kitenge karibu gunia nzima. Mutoto wangu wa kwanza ana miezi miwili, nataka nimushonee kidoli akuwe analala nacho. Ndani niweke nini? Na macho, vifungo vinafaa? Fundi, Majengo, Goma*

Hongera sana mama! Kidoli shona, lakini si cha kulala nacho. Mpaka mutoto atimize mwaka 1, pahali anapolala pasikuwe kidoli, wala muto, wala kitu laini karibu na uso, alale chali ku matela iliyokaza basi. Kidoli ni cha muchana ukiwa unamuangalia. Vifungo hapana kabisa, uzi unakatika siku moja na kifungo kinaenda mu koo, macho uyashone na uzi, na mudomo vilevile. Ndani usiweke vipande vya mousse, ile sponji ya matela, mushono ukifunguka kidogo tu mutoto anavivuta na kuvila, weka vile vipande vyako vya kitenge ukivikata vidogo vidogo, uvifue, uvianike mu jua vikauke kabisa. Shona mara mbili, kisha uvute mikono ya kidoli na nguvu zako zote, ikibaki pale ni sawa.

Na kuhusu kitenge kipya: kifue kwanza, halafu chukua kitambaa cheupe chenye maji usugue, rangi ikitoka kwa kitambaa, hiyo usimupe mutoto juu atainyonya tu.

Lakini kwa miezi 2 mimi ningekushauri kitu kingine mbele ya kidoli. Umri ule mutoto anaona vizuri kitu kikiwa sentimita 20 mpaka 30 ku macho yake, ni pale pale uso wako unakuwaka ukimunyonyesha, na kinachomuvuta ni rangi zenye kupishana sana. Kata nyeusi na nyeupe, shona mistari mipana na miviringo mikubwa ku kitambaa kimoja, umuoneshe polepole ukikipeleka kushoto na kuume, utaona macho yanafuata. Zile rangi za pinki na bluu ya maji zinapendeza sisi ba mama, yeye bado.

*Mama, yaya yangu aliniambia nitie maharagi mu chupa ya maji ya plastiki mutoto aitikise. Ana miezi nane na anapenda sana ile sauti, lakini baba yake anakataa, anasema ni hatari. Nani ana haki? Mama wa batoto batatu, Ndosho, Goma*

Bote babili bana haki kidogo. Ile chupa ni mchezo muzuri, mutoto wa miezi 8 anajifunza kama mukono wake njo unaleta sauti. Hatari iko ku kifuniko. Haragi kavu ikiingia mu pua ao mu njia ya pumzi inakunywa maji ya mwili na inavimba, kuitoa inakuwa kazi ya munganga. Kwa hiyo chagua chupa ndogo yenye plastiki ngumu, ile laini inapasuka akiiuma, tia maharagi kiasi cha kiganja kimoja, paka kole kali mu kifuniko ndani, kaza, acha ikauke usiku muzima, kisha zungushia skochi mara nyingi. Kila asubuhi uiangalie, ikianza kupasuka itupe siku ile ile, usiseme nitaitengeneza kesho.

Na kipimo kimoja cha kutumia ku vitu vyote vya nyumba: chukua ile kartoni ya ndani ya papié ijeniki, karatasi ya choo, kitu chochote kinachopita mule ndani si cha mutoto chini ya miaka 3. Kamba nazo, usifunge ndefu kwa kitu cha mutoto mudogo, sentimita 20 inatosha, ikizidi inaweza kuzunguka shingo.

*Mtaa yetu yote ni mawe ya volkano, mutoto anaanza kutambaa na magoti yanatoka damu. Nimutengenezee nini? Bibi anayelea mujukuu, Mugunga*

Pole sana kwa mujukuu, bibi. Yale mawe yanakwangua kama msasa, sisi bote tunayajua, Goma ilijengwa tena juu ya lava ya 2002 na 2021 ikashuka ingine. Shona mukeka wa vipande: chukua gunia mbili za mchele zilizofuliwa, katikati tandaza blanketi ya zamani, juu shona vipande vya kitenge na jinzi. Fanya kila kipande kikuwe na kitu tofauti cha kushika, kimoja velu, kimoja jinzi, kimoja taulo, mutoto anatambaa na huku mikono inasoma. Mumusaidie pia na suruali yenye jinzi mbili ku magoti.

Lakini bibi, juu mwandika kutoka Mugunga lazima niseme hii. Usitandaze mukeka mu shimo ao pahali pa chini. Kule upande wa Mugunga na Lac Vert kuko mazuku, ile hewa inatoka chini ya udongo, nzito, haina rangi wala harufu, inajaa mu mashimo na inaua. Mutu mukubwa kichwa chake kiko juu, mutoto mwenye kutambaa pua yake iko kule kule chini. Asubuhi mapema bila upepo njo mbaya zaidi. Ukiona wadudu ao ndege bamekufa pahali pamoja, ondoa mutoto mbio. Tandaza ku baraza, ao pahali pa juu penye upepo.

*Unga wa kufinyanga bila kununua? Mwalimu wa maternelle, Kadutu, Bukavu*

Vikombe 2 vya unga wa ngano, 1 ya chumvi, 1 ya maji ukiyatia polepole, kijiko cha mafuta, kanda. Beterave inatoa nyekundu, manjano inatoa njano. Batoto bale bado banatia kila kitu mu mudomo usibape, chumvi ile ni nyingi sana kwa mwili mudogo.

*Mutoto wangu wa miaka tano analilia chukudu, ile ya mbao ya magurudumu mawili ya kusukuma na muguu. Mimi najua kuchonga. Nibadilishe nini? Baba, Birere*

Baba, nakusifu sana, mutoto wa Goma akuwe na chukudu yake ni haki. Usifanye tu ile kubwa ukiipunguza. Usukani ufike ku kifua chake, usipite, na ncha zake uzivalishe mupira ili akianguka zisimuchome ku tumbo. Mbao ikuwe nyepesi kuliko ile ya kubebea makala, akishindwa kuinyanyua peke yake ni nzito. Ku magurudumu, misumari yenye kushika mupira wa gurudumu uipigilie mpaka vichwa vizame, kisha upitishe kidole chako pande zote. Tia mupira wa breki nyuma, umufundishe breki mbele ya kumufundisha kusukuma. Rangi ya motoka usipake, mbao uisugue na msasa uiache na rangi ya mti. Na acheze ndani ya parsele, barabara ni ya chukudu za bakubwa na pikipiki.