Jibu kwa ndugu wa Kibuye: "Ofisa ametuambia kwa simu haina shida"

Simama hapo hapo. Umeuliza kama nyinyi wenye hadiwea mnaweza kuagiza saruji pamoja kiwandani, nauli ya lori mgawane vipi, na kikundi kisajiliwe wapi. Halafu katikati umepenyeza kwamba mtauza kwa bei moja, hakuna kushuka, kwa sababu ofisa fulani amewaambia kwa simu haina shida. Hapo ndipo mtakapomalizwa.

Sisi Nakuru tulikuwa na ofisa wetu pia. Alikuja kuhutubia semina hotelini, akala mandazi yetu, na wakati wa chai mwenyekiti akamuuliza kuhusu bei ya pamoja ya misumari na mabati ya geji 30. Akajibu kikombe kikiwa mkononi: "Hiyo ni bei elekezi tu, mradi msimlazimishe mtu." Barua hakuandika. Ofisi yake siitaji, lakini baadaye tulijua kwamba sheria ya ushindani haikuwa hata kazi yake!

Katibu wetu, mtu wa mwandiko mzuri ajabu, akaandika kwenye daftari la mikutano: "Kikao kimearifiwa kuwa serikali haina pingamizi. Bei mpya zianze Jumatatu." Chini yake tukatia sahihi, kila duka na mhuri wake. Mihuri, jamani! Uchunguzi ulipokuja, ukurasa ule haukuonyesha kwamba tuliruhusiwa na mtu. Ulionyesha kwamba tulikubaliana bei, ianze lini, na nani walikuwepo. Mchunguzi alibakiwa na kazi ya kupiga fotokopi tu. Yule bwana tulipompigia, akauliza, "Nakuru ipi?"

Malipo ya kumaliza kesi kwa suluhu, pamoja na ada ya wakili, vilikula pesa za godauni langu. Mpaka leo halina paa, na mimi ndiye muuza mabati.

Wakili alitufungulia Sheria ya Ushindani ya Kenya ya 2010. Kifungu cha 21 kinakataza kupanga bei, na maamuzi ya vyama vya wafanyabiashara yamo humo. Mahakama ikikutia hatiani ni faini hadi shilingi milioni 10, au jela hadi miaka 5, au vyote viwili. Mamlaka ya Ushindani nayo inaweza kukutoza hadi asilimia 10 ya mauzo ya mwaka uliotangulia. Mauzo, si faida; na wewe unajua mfuko wa saruji unakuachia nini. Mwaka 2023 kampuni 9 za chuma zilitozwa zaidi ya shilingi milioni 338.

Kwa hiyo shika hili moja: iwe kwa maandishi, kutoka kwa Mamlaka yenyewe, kabla hamjaanza. Kifungu cha 25 kinakupa njia ya kuomba mkubaliwe kisheria, nao hutazama kama kuna sababu nzito za maslahi ya umma. Eleza kila kitu, maana ukificha jambo, kibali kinaweza kufutwa. Huko Ulaya, Tume ya Umoja wa Ulaya ina utaratibu kamili wa kuwaandikia wafanyabiashara barua za mwongozo, na hata hizo haziifungi mahakama. Sasa simu ya ofisa wako itamfunga nani?

Leo hii andika kwenye kundi lenu la WhatsApp kwamba wewe hushiriki mpango wa bei, kisha utoke. Ujumbe wa zamani usifute hata mmoja, wenzako wanazo nakala.